Mwalimu wa Abeokuta na kodi ya wanawake

Swali la msomaji: "Nafundisha historia kidato cha tatu na cha nne. Wanafunzi wangu wanamjua Fela Kuti kwa muziki wake, na kila nikimtaja mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti, hakosekani mmoja wa kusema, 'Yule aliyemng'oa mfalme!' Mahali pengine nasoma kwamba alikuwa mwalimu, pengine mwanasiasa, pengine mwanamke wa kwanza Nigeria kuendesha gari. Alikuwa nani hasa? Ni kweli alimwondoa mfalme? Na kama alikuwa na umma mkubwa hivyo nyuma yake, mbona hakuwahi kuingia bungeni?"

Mwalimu mwenzangu, nianze na hilo gari ili tuliegeshe mapema. Habari hiyo inarudiwa kila mahali na wanafunzi huipenda, lakini ukiifanya ndiyo kiini cha kipindi, kengele italia hujafika popote. Kuna tukio dogo zaidi ambalo halina picha wala kelele. Miaka ya katikati ya 1940, mama mmoja mfanyabiashara wa sokoni Abeokuta alipeleka ombi kwamba anataka kufundishwa kusoma. Ombi hilo likamfikia Funmilayo. Yote unayoyasikia baadaye, kodi, mikesha nje ya kasri, mfalme kufunga virago, yanaanzia hapo. Kwa hiyo swali lako la kwanza nalijibu bila kusitasita: alikuwa mwalimu. Siasa zake zilizaliwa darasani, na hata alipokuwa jukwaani aliendelea kufundisha.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1900 mjini Abeokuta, mji wa Waegba, tawi la Wayoruba, kusini-magharibi mwa Nigeria ya leo. Jina la mji lina maana ya "chini ya mwamba", na mwamba wenyewe, Olumo, bado uko pale. Ukoo wa baba yake ulitokana na watu waliokamatwa utumwani, wakaachiliwa Sierra Leone, kisha wakarudi kwao wakiwa Wakristo na wakiwa wameonja shule. Wazazi walimpa majina ya Kiingereza, Frances na Abigail, kama ilivyokuwa desturi ya familia za aina hiyo.

Mwaka 1914 shule ya sekondari ya Abeokuta Grammar School, ambayo ilikuwa ya wavulana tu, ilifungua mlango kwa wasichana. Waliandikishwa sita, na jina la Funmilayo ndilo lililotangulia. Mwambie mwanafunzi wako auzingatie mwaka huo, maana mambo mawili yalikutana. Hadi 1914 Waegba walikuwa na serikali yao, iliyotambuliwa na Waingereza wenyewe kwa mkataba. Mwaka huohuo uhuru huo ulifutwa, na Lugard, gavana wa Kiingereza, akaunganisha kaskazini na kusini kuwa koloni moja liitwalo Nigeria. Kwa hiyo msichana huyu aliingia sekondari mwaka uleule mji wake ulipopoteza serikali yake. Yeye alipanda, mji ukashuka.

Mwaka 1919 alipelekwa Uingereza, shule ya wasichana ya Wincham Hall, Cheshire, ambako alisoma muziki, Kifaransa, ushonaji na namna ya kuongea Kiingereza cha watu wa tabaka la juu. Aliporudi 1922 alikuwa ameshayaacha majina ya Frances na Abigail, akabaki Funmilayo. Wengi huona hapo alama ya ubaguzi aliokutana nao kule. Alirudi kufundisha katika shule aliyotoka, na Januari 1925 akaolewa na Israel Oludotun Ransome-Kuti, mchungaji na mwalimu, ambaye baadaye, mwaka 1932, alirudi Abeokuta kuwa mkuu wa shule hiyohiyo. Israel hakuwa mume wa kukaa pembeni: alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha walimu Nigeria mwaka 1931 na kiongozi wake kwa miaka mingi. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya walimu kwa maana yote, pamoja na ile isiyopendeza. Fela alisimulia mara nyingi jinsi wazazi wake walivyomchapa. Ukimpamba mama huyu awe malaika kwa wanafunzi, utakuwa umewadanganya. Alikuwa mkali, alipenda utaratibu, na alipenda kutiiwa.

Katika miaka hiyo ya mwanzo alianzisha darasa la watoto wadogo kabla ya shule ya msingi, mojawapo ya madarasa ya kwanza ya aina hiyo nchini. Na mwaka 1932 akaanzisha klabu ya mabibi wa Abeokuta. Usiikuze sana klabu hiyo. Walikuwa wake wa wachungaji, walimu na makarani, Wakristo, wanaovaa gauni na kofia, wanaokutana kujifunza kushona, kupika na kuandaa sherehe, pamoja na kutoa misaada. Chai na vitambaa vya meza. Laiti mambo yangeishia hapo, leo usingeniandikia.

Lakini lilikuja lile ombi la mama wa sokoni. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua ngumbaru, tumewaona mama na nyanya zetu wakienda kisomo jioni na daftari kwapani. Ndivyo ilivyokuwa. Funmilayo alifungua madarasa ya watu wazima, akawaingiza wafanyabiashara wa sokoni katika klabu ya mabibi. Chukua dakika moja kuwaeleza wanafunzi wako umbali uliokuwapo kati ya makundi haya mawili, maana mji ule ulikuwa na ngazi. Mama muuza mchele au vitambaa vya adire, wengi wao hawakusoma, hakuzoea kuketi kiti kimoja na mke wa mkuu wa shule. Sasa wanaketi chumba kimoja, mmoja akimshika mwenzake mkono aandike herufi.

Na darasa la watu wazima lina tabia moja ambayo kila aliyewahi kulifundisha anaijua: mwanafunzi haji na daftari peke yake, huja na shida zake. Mtoto husoma ulichompa. Mtu mzima huleta karatasi yake iliyokunjwa, aliyopewa na karani, akakwambia, nisomee hii kwanza.

Karatasi za Abeokuta zilihusu mchele na kodi.

Mchele ulikuwa habari ya vita. Wakati wa Vita Kuu ya Pili serikali ya kikoloni ilibana vyakula, na watumishi wa mamlaka ya wenyeji, yaani utawala wa mfalme uliowekwa chini ya Waingereza, wakawa wanawanyang'anya wanawake mchele sokoni, bila malipo au kwa malipo ya dhihaka. Wanawake walimweleza mwalimu wao. Mabibi wa klabu wakaandika kwa wakubwa, wakazungushwa. Wakapeleka habari gazetini, na unyang'anyi ukakoma. Hapo mabibi waliona kitu ambacho vitambaa vya meza havikuwahi kuwaonyesha, na wafanyabiashara nao wakaona faida ya kuwa na mtu anayejua kuandika barua isiyoweza kupuuzwa. Mwaka 1946 klabu ikabadilishwa jina na sura, ikawa umoja wa wanawake wa Abeokuta, Abeokuta Women's Union, wazi kwa kila mwanamke, msomi na asiye msomi, Mkristo na Mwislamu. Idadi ya wanachama ilifika hadi 20,000.

Angalia alichofanya na mwili wake mwenyewe wakati huu, maana ni somo zima. Aliacha gauni. Akaanza kuvaa kama wenzake wa sokoni: nguo ya kujifunga kiunoni, blauzi pana, kilemba kichwani, vya Kiyoruba tupu. Na mikutanoni akaongea Kiyoruba, hata mbele ya wakubwa wa Kiingereza, akawaacha watafute mkalimani wao. Huyu ni mtu aliyepelekwa Cheshire makusudi ili afundishwe matamshi.

Sasa kodi, na hapa nitakaa zaidi, kwa sababu ndipo penye jibu la swali lako la pili.

Sisi tukisikia kodi ya mkoloni tunafikiria kodi ya kibanda na kodi ya kichwa, na tunamfikiria mwanamume akikimbia porini ili asikamatwe. Waliokulia Upare wanazo habari za mbiru, upinzani wa kodi uliowashusha maelfu ya watu milimani hadi Same mwaka 1945. Lakini Abeokuta kulikuwa na jambo lisilo la kawaida: tangu 1918 mwanamke alitozwa kodi peke yake, mbali na mumewe. Tena msichana alianza kudaiwa akiwa na miaka 15, mapema kuliko kaka yake. Vyeti vya kuzaliwa havikuwapo, kwa hiyo watoza kodi walikisia umri, na miongoni mwa malalamiko makali zaidi ya wanawake ni kwamba mabinti zao walivuliwa nguo ili wakaguliwe kama wamekua vya kutosha kulipa. Mama akisikia hilo, huhitaji kumfundisha siasa.

Pesa hizo ziliingia katika hazina ya mamlaka ya wenyeji, na mkuu wa mamlaka hiyo alikuwa Alake, mfalme wa Waegba, Ademola II, aliyekuwa kitini tangu 1920. Zamani Alake hakutawala peke yake. Kulikuwa na wazee wa Ogboni, chama cha jadi chenye sauti katika utawala, kulikuwa na machifu wa vita, na kulikuwa na Iyalode, cheo cha mwanamke aliyewasemea wanawake na soko. Madam Tinubu, tajiri aliyesaidia kuulinda mji dhidi ya jeshi la Dahomey, ndiye aliyekipata cheo hicho mwaka 1864. Waingereza walipoleta utawala wa kupitia wenyeji, walitaka mtu mmoja wa kumtumia barua. Wakamfanya Alake kuwa mamlaka pekee, mizani ya zamani ikavunjika, na Iyalode akabaki jina. Kwa hiyo wanawake walikuwa wanalipa kodi kama watu kamili, na katika baraza linaloamua matumizi yake hawakuwa na hata kiti kimoja.

Mwalimu alifanyaje? Aliajiri mhasibu. Napenda sana jambo hili, na ajabu ni kwamba masimulizi mengi hulipita haraka ili yafike kwenye maandamano. Umoja wa wanawake wa sokoni, wengi wao ndio kwanza wanaunganisha silabi, ulikodi mkaguzi wa hesabu azipitie hesabu za mamlaka. Wakaandika maombi rasmi, moja baada ya jingine, wakidai kodi ya wanawake ifutwe, wanawake wawe na wawakilishi barazani, na kampuni za kigeni ndizo zitozwe zaidi. Majibu yaliyorudi yaliwaongezea kodi badala ya kuipunguza. Funmilayo akakataa kulipa, akashtakiwa na kutozwa faini.

Mwisho wa Novemba 1947 maelfu ya wanawake walikwenda Ake, kwenye kasri la Alake, wakakesha nje. Wakarudi tena Desemba, zaidi ya 10,000. Walikuja na chakula, na watoto mgongoni, wakaimba. Nyimbo zao zilikuwa nyingi, na baadhi siwezi kuziandika hapa. Zilimsema mfalme kuanzia hazina yake hadi maumbile yake. Anayejua nyimbo za unyago au mafumbo ya taarab anaelewa silaha hiyo inavyokata. Wenzao walipokamatwa, hawakuondoka mpaka walipoachiliwa.

Mwalimu hakuacha kufundisha hata hapo. Kabla ya maandamano aliwafunza jinsi ya kujikinga na moshi wa mabomu ya machozi, kufunika macho, pua na mdomo kwa kitambaa. Serikali ilipokataa kutoa vibali vya maandamano, umoja ukatangaza kwamba sasa unaandaa pikiniki. Au tamasha. Wanawake elfu kadhaa wakatoka kwenda pikiniki, na njia ya pikiniki, kwa bahati, ikapita kasrini. Tena kuna ile habari inayosimuliwa Abeokuta mpaka kesho, ya bwana shauri wa Kiingereza aliyemfokea Funmilayo awanyamazishe wanawake wake. Alimjibu kwamba amezaliwa lakini hakulelewa, na akamuuliza kama angeweza kumsemesha mama yake mzazi namna ile. Katika Kiswahili jibu hilo halihitaji maelezo.

Mtoto mmoja aliyekuwa akitumwa huku na huko kati ya wanawake hao, akipeleka ujumbe na kuwafundisha herufi, alikuwa Wole Soyinka. Mama yake, Grace Eniola Soyinka, alikuwa mmoja wa mihimili ya umoja huo. Tuzo ya Nobeli ilikuja 1986, lakini kazi ya kwanza ya mwandishi huyo ilikuwa usaidizi wa ngumbaru.

Haya, mfalme. Mwaka 1948 kodi ya wanawake ilisimamishwa. Wazee wa Ogboni, ambao nao walikuwa na vinyongo vyao vya muda mrefu kwa kunyang'anywa nafasi, walimwacha mkono Alake. Julai aliondoka mjini kwenda kukaa Oshogbo, na tarehe 3 Januari 1949 akajiuzulu. Wanawake wanne, Funmilayo akiwemo, wakapata viti katika baraza la muda la mji.

Kwa hiyo ni kweli alimng'oa? Nusu. Bila wanawake asingeondoka, hilo sina shaka nalo. Lakini wanawake peke yao, bila Ogboni kujitoa na bila Waingereza kuona kwamba mtu wao amewawia mzigo, wangekesha miezi mingi zaidi. Na kuna kipande ambacho mitandao huwa inakikata: Desemba 1950 Ademola II alirudishwa, akakaa kitini hadi alipofariki 1962. Wanafunzi wakisikia hivyo hupoa. Waulize hivi: mfalme karudi, lakini aliyerudi ni yuleyule? Aliondoka akiwa mamlaka pekee, akarudi akikuta baraza na watu waliokwisha kuzoea kumdai hesabu. Mimi huhesabu hilo kuwa kubwa kuliko kuondoka kwake.

Sasa swali lako la tatu, ambalo ndilo gumu, na nashukuru umeliuliza.

Usifikiri hakujaribu. Mwaka 1947 alikuwa mwanamke pekee katika ujumbe wa NCNC, chama cha kupigania uhuru, ukiongozwa na Nnamdi Azikiwe, uliokwenda London kupinga katiba ya Richards, katiba ya kikoloni iliyopewa jina la gavana. Akiwa huko aliandika katika gazeti la wakomunisti wa Uingereza kwamba wanawake wa Nigeria walikuwa na usawa mpaka Waingereza walipofika. Nyumbani baadhi ya wasomi, wanawake kwa wanaume, walikasirika, wakasema ameitia nchi aibu. (Je, alitia chumvi? Kidogo. Iyalode alikuwa mmoja, na Tinubu huyohuyo aliwahi kutajirika kwa biashara ya watumwa. Lakini kwa Abeokuta hoja yake ilikuwa na mguu wa kusimamia.) Alishika vyeo katika NCNC ya magharibi, na umoja wa Abeokuta ukapanuka kuwa wa Nigeria nzima mwaka 1949, kisha 1953 akaitisha mashirika ya wanawake yaungane kudai kura na viti.

Kura yenyewe ilikuwa mtego. Katika uchaguzi wa 1951, magharibi, haki ya kupiga kura ilifungamanishwa na kulipa kodi, na mchujo ulipitia wajumbe wa ngazi kadhaa. Ona kejeli: wanawake wamepigana hadi kodi ikasimamishwa, kisha wanaambiwa asiyelipa kodi hapigi kura. Kule kaskazini wanawake hawakuruhusiwa kupiga kura kabisa, na hali hiyo ilidumu mpaka 1976. Funmilayo aligombea 1951, akashindwa. Mwaka 1959 chama chake kilikataa kumteua. Akagombea kama mgombea binafsi, kura zikagawanyika, chama pinzani cha Action Group kikapita katikati, na NCNC ikamfukuza. Akaanzisha chama chake cha watu wa kawaida, Commoners' People's Party, ambacho hakikudumu.

Unaweza kusema ni bahati mbaya. Sioni hivyo. Mlinganishe na Wuraola Esan wa Ibadan. Naye alikuwa mwalimu, naye alifungua shule, shule ya sekondari ya wasichana mwaka 1944, na mwaka 1960 akawa mwanamke wa kwanza katika Seneti ya Nigeria. Esan alikuwa ndani ya Action Group, alijua kusubiri zamu na kufanya kazi na wanaume wa chama, na aliingia kwa kuteuliwa. Sisemi hivyo kumshusha. Kuna kazi zinazofanywa na watu wa namna hiyo tu. Funmilayo hakuwa na subira hiyo. Chama kilimhitaji siku ya mkutano wa hadhara, kwa sababu alikuja na soko zima. Siku ya kugawa majimbo, mtu ambaye wafuasi wake wanamsikiliza yeye kabla ya katibu wa chama ni hatari. Ukitaka kuwaeleza vidato vya tatu, waambie vyama vilitaka umati wake, mwenye umati hawakumtaka.

Na alikuwa na dosari yake hapa. Aliyezoea kuongoza darasa huzoea neno lake kuwa la mwisho, na katika mashirika ya wanawake yenyewe waliogombana naye hawakuwa wachache. Ukali uliomfaa mbele ya bwana shauri haukumfaa kwenye kamati.

Kulikuwa pia na woga wa ukomunisti. Alisafiri sana: Ulaya Mashariki, Umoja wa Kisovieti, China, ambako alikutana na Mao Zedong. Alikuwa makamu wa rais wa shirikisho la kimataifa la wanawake ambalo Wamagharibi waliliona ni la Moscow. Serikali ya waziri mkuu Tafawa Balewa ikakataa kumpa pasipoti mpya kwa hofu kwamba angewaambukiza wanawake wenzake mawazo hayo, na Marekani ikamnyima viza. Mwenyewe alikana kuwa mkomunisti. Mwaka 1970 Wasovieti walimpa Tuzo ya Amani ya Lenin, na kabla yake, 1968, Chuo Kikuu cha Ibadan kilimpa shahada ya heshima.

Watoto wake wanne unawajua angalau kwa majina. Dolupo alikuwa muuguzi, Olikoye daktari wa watoto aliyekuja kuwa waziri wa afya, Beko daktari na mtetezi wa haki za binadamu aliyefungwa zaidi ya mara moja, na Fela. Miaka ya 1970 Fela alipoacha jina la Ransome kwa kuliona la kitumwa, akajiita Anikulapo, mama naye alibadili jina. Akiwa na zaidi ya miaka 70! Aliyeacha Frances akiwa binti hakuona shida kuacha na Ransome akiwa bibi.

Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi wapatao elfu moja waliivamia nyumba ya Fela mjini Lagos, ile aliyoiita Jamhuri ya Kalakuta. Walipiga watu, wakachoma nyumba, na mama huyu wa miaka 76 akatupwa chini kutoka dirisha la ghorofani. Hakupona sawasawa, na alifariki tarehe 13 Aprili 1978. Uchunguzi wa serikali ulisema mhusika ni mwanajeshi asiyejulikana. Mkuu wa nchi wakati huo alikuwa Olusegun Obasanjo, mwana wa Abeokuta. Baadaye Fela alipeleka jeneza la mfano hadi kambi ya Dodan, makao ya serikali ya kijeshi, akaliacha pale. Mama mwenyewe alikuwa amezikwa kwao, kando ya mumewe, na siku ya mazishi wanawake wa soko la Abeokuta walifunga biashara.

Kwa kipindi chako, ningeacha jeneza na kasri kwa dakika za mwisho. Ningeingia darasani na karatasi moja ya kodi, hata ya kuchora mwenyewe: jina la mwanamke, umri uliokisiwa, kiasi kilicholipwa, sahihi ya karani, yote kwa Kiingereza. Ningempa mwanafunzi wa dawati la nyuma, nikamwambia wewe ndiye mama mwenyewe, umetoka sokoni, hujui kusoma, na karani anasema bado unadaiwa. Kisha ningemuuliza anaipeleka kwa nani.